Angeongoza, angeliongoza au angaliongoza?

Msomaji mmoja mpenzi wa muvi kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Niliposti kwamba kama Guillermo del Toro angeongoza Batman ingalikuwa balaa, jamaa akanirukia eti Kiswahili changu kibovu, ilitakiwa niseme angaliongoza, mwingine naye akaja na angeliongoza. Nani yuko sahihi? Na kukanusha ni asingeongoza au hangeongoza?"

Marahaba. Huyo jamaa kakusahihisha pale ulipopatia, halafu pale ulipoteleza kapaacha vilevile.

"Angeongoza" hapo iko sawa kabisa. Del Toro, yule dairekta wa muvi kutoka Mexico, yupo, anapiga kazi, juzi tu 2025 katoa Frankenstein, na muvi za Batman nazo haziishi, kila baada ya miaka kadhaa anakuja dairekta mwingine na Batman wake, kwa hiyo unachokiwaza hakipo lakini hakuna kilichokizuia moja kwa moja, kesho wakimpigia simu akakubali basi kimekuwa. Hiyo ndo kazi ya -nge-. Ulipoteleza ni "ingalikuwa". Umeanza na -nge- ukamalizia na -ngali-, na sarufi ya shuleni inataka pande zote mbili zivae sare: angeongoza, ingekuwa. Wazee walisema "Ungalijua alacho nyuki, usingalionja asali", ona, ngali huku na ngali kule. Hiyo "kama" mwanzoni si kosa, ila hata ukiitoa sentensi inasimama yenyewe, maana -nge- tayari imebeba hilo sharti.

Sasa -ngali- ina mahali pake, na kwenye mambo haya haya ya muvi za giza giza kuna mfano mtamu sana. Tim Burton, yule wa mambo ya makaburi na watu wenye nyuso nyeupe, aliongoza Batman ya 1989 na Batman Returns ya 1992. Baadaye akapewa Superman, steringi awe Nicolas Cage, mavazi yakajaribiwa, maandalizi yakaenda weeee, halafu 1998 studio ikapiga stopu kabla hata hawajaanza kushuti. Hiyo imeshapita, hairudi tena, Cage wa miaka ile hayupo (alikuja kuonekana kidogo tu na joho la Superman ndani ya The Flash ya 2023, ila hiyo ni habari nyingine). Hapo sasa ndo unasema: Burton angaliongoza ile Superman, tungaliona Superman wa ajabu kuliko wote. Ukisikia -ngali- unajua mtu anazungumzia kitu kilichoshindikana, si kitu anachokiombea.

Ila tuseme ukweli, mtaani nani anasema "tungaliona"? Wachache. Watu wengi siku hizi -nge- wanaitumia kotekote, ya jana na ya kesho, na wakitaka ieleweke kwamba jambo limeshapita wanaongeza kitenzi kingine: Burton angekuwa ameongoza ile Superman, tungekuwa tumeona maajabu. Mi sioni kosa hapo, wakati umeonekana vizuri tu na msikilizaji hapotei. Kwenye mtihani lakini andika -ngali-, usije ukaniletea kesi.

Huyo wa "angeliongoza" naye hajakosea neno, -ngeli- ipo na watu wanaiandika, wengi wakiichukua kama ndugu wa -ngali-, yaani ya mambo yaliyokwisha pita. Kwa hiyo kwa Superman ya Burton ingefaa, kwa Batman ya del Toro ambayo bado inawezekana ningebaki na -nge-.

Kuna kitu hukuuliza ila nimekiona kwenye posti za watu wengi: "del Toro angeongoza muvi ya superhiro ingekuwaje?" Hapo sarufi safi, habari ndo mbovu. Ukisema angeongoza maana yake hajaongoza, na huyu bwana alishaongoza, Blade II ya 2002, halafu Hellboy ya 2004 na ya pili yake ya 2008, sasa kama shujaa mwekundu mwenye pembe zilizokatwa na mkono wa jiwe si superhiro sijui tumwiteje. Wewe ulitaja Batman, uko salama.

Na ukisikia tetesi kwamba mazungumzo yameanza, hamia kwenye -ki-: del Toro akiongoza Batman, nitakata tiketi siku ya kwanza. Angalia upande wa pili umekuwa "nitakata", siyo "ningekata". Kuchanganya "angeongoza, nitakata" nakuona sana mitandaoni na masikio yangu yanagoma.

Kukanusha: asingeongoza na hangeongoza zote zipo na zote zinakubalika. Asingeongoza ndo utaisikia zaidi Tanzania, hangeongoza utaikuta sana kwa Wakenya, na kwa -ngali- ni vilevile, asingaliongoza au hangaliongoza. Isiyokubalika ni "hasingeongoza", hiyo imekanusha mara mbili kwenye neno moja, ha- na -si- haziwezi kukaa pamoja, chagua moja.

Halafu usije ukakata hilo neno ukaandika "del Toro angali anaongoza" ukidhani umefupisha angaliongoza. Hiyo inamaanisha bado anaongoza mpaka sasa hivi, na kwa bahati nzuri ni kweli.