Ukiwa mlimani, anza na "ila"

Sisi watu wa Dar tumelelewa kujibu "nzuri". Mtu ana homa, shuka limemlowa jasho, ukimuuliza habari za tangu juzi anakwambia, "Nzuri tu, ila naumwa." Ukweli wote uko kwenye hiyo ila. Na mara nyingi hatufiki kwenye ila, tunaishia "nzuri" na mazungumzo yanaendelea. Mjini hiyo ni adabu. Mlimani inaweza kukuua, ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaojiandaa kupanda Kilimanjaro kiangazi hiki.

Mara ya kwanza nilipanda Septemba 2019 kwa njia ya Machame, safari ya siku sita. Siku ya tatu njia hiyo hukupandisha hadi Lava Tower, juu ya mita 4,600, kisha hukushusha kulala Barranco, karibu na mita 4,000. Makusudi ni mwili uzoee hewa nyepesi mchana, usiku upumzike chini. Pale Lava Tower kichwa kikaanza kunibana, kama nimefungwa kitambaa na mtu anaendelea kukikaza. Jioni kiongozi wetu akapita hema kwa hema na kile kibanio cha kupima oksijeni kidoleni.

"Dada yangu, kichwa vipi?"

"Salama, kaka."

Niliogopa kurudishwa. Ofisini walinichangia, nyumbani waliniombea, nilishaahidi picha ya kileleni. Kesho yake kambi ya Barafu nilitapika nyuma ya mwamba, nikafukia kwa changarawe kwa ncha ya buti, nikarudi kwenye hema la chakula nikawa nazungusha kijiko kwenye supu ionekane nimekunywa. Saa sita usiku tukaanza kupanda. Kwenye saa tisa nikawa nayumba. Kiongozi akanimulika usoni akaniuliza nimezaliwa mwezi gani. Nikalitafuta jibu, sikulipata.

"Tunashuka," akasema. Hakungoja nikubali.

Tulipofika chini, akili imerudi, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ungeniambia Barranco, ningekulaza kambi ya Karanga siku moja zaidi, labda ungefika. Umenificha, nikakupandisha mgonjwa." Aliumia kweli, nilimwona. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi methali hiyo naijua tangu darasa la nne.

Elewa kinachotokea. Oksijeni haipungui asilimia yake ukipanda, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni unayovuta ukiwa Ocean Road. Ubavu hausaidii. Kijana anayekimbia Coco Beach kila alfajiri anaweza kuzidiwa, na mama wa miaka hamsini anayejiendea taratibu akafika. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za mwanzo: usipande zaidi mpaka ziishe. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema huku umekaa, dawa ni kushuka muda huohuo, hata kama ni usiku wa manane. Dawa za kuzuia zipo, lakini ongea na daktari kabla ya safari, usimeze za rafiki.

Kwenye maandalizi, pesa yako iweke kwenye siku. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kati ya koti jipya na siku ya saba mlimani, ningechukua siku ya saba. Koti tafuta soko la Karume kwenye mitumba. Buti pia zipo, nyingine imara sana, ila kunja soli kwa nguvu mbele ya muuzaji, kwa sababu gundi ya zamani hukauka na soli huachia ukiwa katikati ya mawe. Mazoezi si lazima yawe ya gharama. Siku hizi unapanda treni ya SGR asubuhi, chini ya saa mbili uko Morogoro, unapandisha Uluguru hadi Morningside na jioni unarudi. Miguu ya Dar imezoea tambarare, inahitaji kufundishwa mteremko hasa, maana kushuka ndiko kunakoua magoti na kucha.

Lengelenge nalo lina tabia ileile ya kichwa. Tulipokuwa tunatembea Usambara, kutoka Lushoto kwenda Mtae, nilihisi moto kisiginoni asubuhi kabla hata ya kufika Magamba. Nikaona aibu kusimamisha kundi zima kwa ajili ya plasta. Jioni soksi ilitoka na ngozi. Dakika tatu za aibu zilinigharimu siku tatu za kuchechemea.

Nilirudi Kilimanjaro 2022, safari hii siku saba. Kambi ya Shira, usiku wa pili, sikungoja kuulizwa. Nilimfuata kiongozi nikamwambia, "Kaka, kichwa kimeanza, upande wa kushoto." Hakushtuka. Alinipa maji, akakaa nami mpaka nikamaliza kula, na kesho yake akaniweka nyuma yake tu, mbele ya wenzangu wote, ili mwendo wangu uwe mwendo wa kundi. Mimi nilidhani mchovu huwekwa mwisho. Asubuhi ya siku ya kilele jua lilinikuta Stella Point, ukingoni mwa kreta, na Uhuru nikafika nikilia, wagumu wawili, yaani wapagazi, waliotusindikiza wakiniimbia.

Tabia hiyo ya kusema mapema nimerudi nayo mjini. Mwaka jana niliona marejesho ya kikoba hayatatimia. Zamani ningezima simu hadi siku ya kikao. Nilimpigia mwenyekiti wiki mbili kabla, tukapanga nilipe kwa awamu, na hakuna aliyenisema.

Mama yangu yuko Temeke, nampigia kila asubuhi. Nikisema shikamoo anaitikia marahaba, nikimuuliza hali anasema nzuri, mwanangu. Wiki iliyopita nikamwomba, "Mama, leo anza na ila." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Ila goti. Tangu Ramadhani." Alhamisi tunakwenda wote hospitali.