Nyuki wadogo ukutani: tuwazibe au tuwaache?

SWALI: Assalaam alaykum. Katika ukuta wa udongo wa jiko letu la uani pana tundu lililotokeza kijibomba laini, urefu wake nusu ya kidole. Humo hutoka nyuki weusi wadogo mno, wasiouma, ila huudhi kwa kuingia machoni na kwenye nywele. Mwanangu anataka kuwaziba kwa saruji. Jirani anatukataza, akidai kuwa hao ndio wanaoshikisha matunda ya shamba zima: mashokishoki, maduriani, hata karafuu. Tumfuate nani?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Mwanao na aiweke kando saruji yake, kwani jirani yenu amesema kweli, ingawa ametia chumvi.

Hao ni nyuki wasiouma, jamaa yenye zaidi ya aina 500 katika nchi za joto, ambao mwiba wao umedumaa hata haudungi. Kijibomba hicho ndicho mlango wao, uliojengwa kwa nta na utomvu wa miti. Kaeni karibu nacho asubuhi, mtawaona baadhi yao wakirudi na vidonge vya chavua vilivyogandamana na miguu ya nyuma.

Kwa mashokishoki, jirani amepatia hasa. Maua yake ni madogo, ya kijani hafifu, hayana petali, nasi huyapita bila ya kuyatazama. Lakini huko Malaysia na Indonesia, kwenye asili ya mti huu, nyuki wasiouma ni miongoni mwa wadudu wanaoyazuru kwa wingi. Miti mingi inayozaa ina maua ambayo, japo yana viungo vya kiume na vya kike, sehemu yake ya kiume haifunguki, kwa hiyo chavua haina budi kutoka kwenye maua machache ya kiume au kwenye mshokishoki dume, ule ambao wenye shamba huukata kwa hasira wakisema umekaa miaka yote bila ya kuzaa. Mimi ningeuacha mmoja.

Maduriani ni habari nyingine: maua yake hufunguka jioni, na mchavushaji wake mkubwa ni popo. Ama karafuu, tunazichuma zikiwa bado matumba ya maua, kabla ya ua kuchanua, basi nyuki atachavusha nini?

Jambo moja mlizingatie: nyuki wa asali huweza kuruka kilomita kadhaa, lakini hawa wadogo huishia mita mia chache tu, kwa hiyo wanaofaidika nao ni miti iliyo karibu na jiko lenu. Msinyunyizie dawa ya wadudu miti iliyochanua.

Kuhusu macho, wanafuata unyevu wa jasho na machozi. Mpishi na ajitande kanga hadi kwenye paji la uso. Na mkitaka kuukandika upya ukuta, kandikeni mpaka ukingoni mwa tundu, mkiache wazi kijibomba. Kikivunjika kwa bahati mbaya, watakijenga tena wenyewe.