Ameota mama mkwe akimlisha nyama mbichi: mshauri afanye nini?

SWALI: Bwana asifiwe, mtumishi. Ninashauri akina mama katika kanisa letu hapa Kilifi. Kuna dada ambaye kwa miezi mitatu amekuwa akiota mama mkwe wake, wanayeishi naye boma moja, akimlisha nyama mbichi. Huamka alfajiri akitokwa na jasho, kinywa kichungu. Kwenye kesha aliambiwa amelishwa uchawi, afunge siku saba. Sasa ananiuliza mimi maana yake. Nimesomea ushauri nasaha mwaka mmoja tu, na habari za ndoto hatukufundishwa. Je, mshauri Mkristo anaruhusiwa kufasiri ndoto? Nikikataa, si nitaonekana sina Roho?

JIBU: Asifiwe sana, dada. Nianze na mtu ambaye hukuuliza habari zake: huyo mama mkwe. Wewe uko Kilifi, unajua wazee wangapi wameuawa huko kwa kuitwa wachawi, na mara ngapi nyuma ya tuhuma hizo palikuwa na shamba. Neno lililotamkwa kwenye kesha hufika bomani kabla ya aliyeota hajafika. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, yenyewe inahesabu kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi. Kwa hiyo kanuni ninayoishika kuliko zote ni hii: ndoto ni habari ya aliyeiota, haiwi ushahidi juu ya mtu mwingine. Ukishindwa mengine yote, hilo lisikuponyoke.

Kuhusu kuruhusiwa: Yusufu gerezani alisema kufasiri ni kazi ya Mungu, kisha papo hapo akawaomba wenzake wamsimulie. Yoeli aliahidi wazee wataota ndoto. Lakini Yeremia 23 anawakemea wanaopaza sauti wakisema wameota, na Mhubiri 5:3 anasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Tazama pia matunda. Ndoto ya Farao ilijaza maghala nafaka. Ya Yosefu mume wa Mariamu ilimwokoa mtoto. Sioni hata moja kati ya hizo iliyofasiriwa kwa kumnyoshea jirani kidole kwamba ni mchawi.

Kuhusu kuonekana huna Roho, mkumbuke Monika, mwanamke wa Afrika Kaskazini, mama yake Augustino, yule askofu na mwandishi wa Kanisa la kale. Aliwahi kuota ndoto juu ya mwanawe akaishikilia kwa imani miaka mingi. Baadaye aliomba aonyeshwe habari za ndoa ya mwanawe huyo, akaota tena, lakini safari hii hakuzitegemea ndoto hizo. Alisema kuna ladha fulani, asiyoweza kuieleza kwa maneno, iliyomtofautishia Mungu anaposema na nafsi yake inapoota tu. Ni mama yuleyule, mwenye maombi yaleyale. Kusema "hii sijui" hakukupunguzii Roho.

Sasa kazi yenyewe. Mwache asimulie ndoto kana kwamba inatokea sasa hivi, usimkatize. Usimuulize nyama ina maana gani, muulize alijisikiaje: aliogopa, aliona kinyaa, aliona haya kukataa? Zile orodha za "nyoka ni adui, maji ni mali, kula ni kulishwa" ziweke kando kabisa, kwa sababu zinampa jibu kabla hajasema neno. Kisha rudi nyuma miezi mitatu. Kulitokea nini? Mume alisafiri? Kulikuwa na maneno juu ya mtoto, juu ya pesa? Nani anapika, nani anapakua? Na ukiona ameshatulia, muulize taratibu: mchana, unameza nini ambacho hukitaki? Subiri. Hapo mara nyingi machozi hutangulia maneno, na jibu atakalotoa mwenyewe lina uzito kuliko tafsiri yako au yangu.

Mwili nao usiusahau. Kinywa kichungu alfajiri huweza kuwa ni asidi ya tumbo inayopanda mtu akilala. Jasho la usiku linalojirudia linahitaji kupimwa, hata kwa kifua kikuu. Muulize faraghani anatumia dawa gani: efavirenzi, iliyotumika miaka mingi katika ARV, inajulikana kwa kuleta ndoto kali, na meflokwini ya malaria vilevile. Asiache dawa yoyote kwa neno lako. Mpeleke kliniki, na hilo la kufunga siku saba lingoje daktari aseme. Makesha pia yapunguzwe. Mtu aliyenyimwa usingizi akija kulala, ubongo hulipiza kwa ndoto nyingi na nzito zaidi, kwa hiyo makesha yenyewe huenda yanaongeza tatizo.

Jinamizi likiendelea, kuna njia iliyopimwa. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa wamedhulumiwa kingono walioijaribu njia hiyo, na jinamizi lao lilipungua. Mtu huandika ndoto yake, huibadilisha apendavyo yeye, kisha mchana akiwa macho huipitia akilini ile mpya, dakika 10 hadi 20 kila siku. Dada huyu anaweza kuisukuma sahani, au kuipika nyama mwenyewe. Usimchagulie. Zaburi 4:8 inafaa sana kabla ya kulala. Lakini ndoto ikiwa inarudia jambo lililompata kweli, au akitaja kutaka kufa, usibaki naye peke yako. Mkabidhi kwa mwanasaikolojia au daktari wa akili siku hiyohiyo.

Mkikutana tena, mwambie: "Ndoto yako nimeisikia, na sitakwambia kuna mtu anakuroga. Tutaiombea, na tutaitazama pamoja." Halafu, kwa ruhusa yake, nenda kwa kiongozi wa kesha kabla ya kesha lijalo, umwombe jina la mama mkwe lisitajwe tena.