Chaji kupungua kasi baada ya asilimia 80

Gari la umeme likianza kuchaji taratibu baada ya asilimia 80, chaja haina hitilafu, gari lenyewe ndilo linalopunguza. Seli za betri zikikaribia kujaa, volti hufika kikomo, hivyo mfumo wa kusimamia betri hushusha ampea (kiasi cha umeme unaoingia) kidogo kidogo ili litiamu, metali iliyo ndani ya betri, isigande juu ya elektrodi, yaani ncha za ndani ya seli. Safarini ingia kituo cha kuchaji betri ikiwa na asilimia 10 hadi 15, ondoka kwenye 80. Ile 20 ya mwisho mara nyingi hula muda karibu sawa na wa kutoka 10 hadi 80. Weka pia kituo hicho kwenye ramani ya gari mapema, maana magari mengi huanza kupasha betri joto njiani, na betri baridi huchaji taratibu hata ikiwa na asilimia 20. Ila kituo kinachofuata kikiwa mbali au kina chaja moja tu, subiri ijae.