Nikipiga chafya, kiinitete kitatoka?

*Juzi nimewekewa kiinitete, yaani yai lililotungishwa maabara. Nilale siku ngapi? Naogopa hata kupiga chafya.*

Piga tu. Mfuko wa uzazi si chupa iliyo wazi. Kuta zake zimelaliana kama kurasa za kitabu kilichofungwa, na kiinitete kimekaa katikati. Kulala kitandani hakuongezi nafasi ya kushika mimba. Isiposhika, mara nyingi tatizo ni kromosomu (nyuzi za urithi) za kiinitete chenyewe, si ngazi ulizopanda. Anayekulaumu kwa kufua nguo mwambie nimekataa.

*Kwa nini kabla ya kuwekewa tunanyweshwa maji halafu tunakatazwa kwenda haja ndogo?*

Kibofu kikijaa, kizazi kilichoinamia mbele hunyooka kidogo, na picha ya altrasaundi ya tumboni huonekana vizuri. Daktari hupitisha mpira laini, mwembamba, uliobeba kiinitete, kwenye shingo ya kizazi na kuusimamisha sentimita 1 hadi 2 kabla ya dari la kizazi. Asiliguse: likichokozwa, kizazi hujikaza. Ile nukta nyeupe inayomeremeta kwenye skrini, ambayo wengi huililia machozi ya furaha, ni kiputo cha hewa. Kiinitete ni kidogo mno kuonekana pale. Kisha mpira unarudishwa maabara ukaangaliwe kwa hadubini. Wakati mwingine kiinitete hunasa humo, kikawekwa tena papo hapo. Ukiwa umelala pale na kibofu kimekubana, kusubiri sauti ya "hamna kitu" ni kurefu kweli.

*Tuweke viwili tupate mapacha, tumalize?*

Kimoja, hasa kama kiinitete ni kizuri na umri wako bado mdogo. Mapacha huzaliwa njiti mara nyingi zaidi, na mama huandamwa na shinikizo la damu. Kingine kigandishwe kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtoto wa kwanza aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984, kwa hiyo jambo hili si geni.

*Kiinitete kiwekwe siku ya 3 au ya 5 tangu yai litungishwe?*

Ukiwa navyo vingi, ya 5. Dhaifu huwa vimeshajichuja. Ukiwa navyo viwili vitatu, ya 3 haina ubaya.

*Leo siku ya sita tangu niwekewe, kipimo cha mkojo kimeonyesha mstari mmoja. Niache dawa?*

Usiache. Ni mapema mno. Subiri kipimo cha damu siku uliyopangiwa, kwa kawaida kati ya siku ya 9 na ya 14, na projesteroni, dawa ya homoni ya kusaidia mimba ishike, uendelee nayo mpaka daktari wako mwenyewe aseme basi.