Maswali ya wasomaji: Kuni zinaongezeka, maziwa ni yale yale

SWALI: Mimi ni fundi mkuu wa kiwanda cha maziwa katika Nyanda za Juu Kusini. Boila yetu, inayotoa mvuke wenye shinikizo la baa 7, imeongeza ulaji wa kuni, ambazo tunazinunua kwa tani, kwa robo nzima (asilimia 25) tangu masika yaanze, ingawa maziwa tunayosindika hayajaongezeka. Joto la moshi kwenye dohani limepanda kutoka nyuzi 220 hadi 280. Uongozi unataka boila mpya. Je, ni lazima?

JIBU: Si lazima. Mvuke wa baa 7 una joto la nyuzi 170 hivi, kwa hiyo moshi wa nyuzi 280 unatoka na joto ambalo lingepaswa kuingia kwenye maji, na kinacholizuia ni ama masizi ndani ya mirija, ama ukoko wa chokaa upande wa maji. Izimeni boila, ipoe, mirija isuguliwe kwa brashi, kisha mpime tena joto la moshi, kazi ya boila ikiwa ile ile. Joto likirudi karibu na 220, yalikuwa masizi. Likibaki juu, kagueni mtambo wa kulainisha maji, unaoondoa chokaa kwa msaada wa chumvi, ambao mara nyingi (inasikitisha kusema) umeishiwa chumvi tu.

Hata hivyo, dohani pekee haielezi robo nzima. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 20 zinazozidi kwenye moshi hupoteza takriban asilimia 1 ya kuni, yaani kwenu ni asilimia 3 hivi. Kwa sehemu kubwa iliyobaki tunaishuku mvua, inayolowesha kuni: kilo ya kuni mbichi, ambayo nusu yake ni maji, hutoa megajuli 8 hivi za joto, ilhali iliyokauka hadi kubaki na unyevu wa asilimia 20 hutoa zaidi ya 14. Banda la kupasulia na kukaushia kuni ni nafuu kuliko boila.

Rudisheni pia kwenye tangi maji ya moto yatokanayo na mvuke uliopoa, kwani maji ya boila yakiongezeka joto kwa nyuzi 6 huokoa asilimia 1 nyingine.

Kuhusu dawa za kuzuia kutu, muwe waangalifu zaidi kuliko viwanda vingine. Kanuni za Marekani, kwa mfano, haziruhusu mofolini wala sikloheksilamini, ambazo ni dawa za aina hiyo, katika mvuke unaogusa maziwa, hivyo mtakeni muuzaji awape kwa maandishi orodha ya viambato kabla ya kumimina chochote.