Nataka Siku Mbili za Mimi na Mume Wangu Tu

SWALI: Shangazi, hujambo? Mume wangu ni dereva wa lori la miwa huko Muhoroni, nami nauza nguo soko la Kibuye, Kisumu. Tunaishi vyumba viwili na watoto wanne pamoja na mama mkwe. Hatuwezi kuongea jioni bila mtu kuita. Pesa za chama nimepata, na nataka nimpeleke mlimani, mahali pasipo hoteli ya kawaida, bila kumwambia. Twende wapi?
Mama wa Wanne

JIBU: Mwanangu, mwambie. Mwambie leo, na kiasi cha pesa mwambie pia. Mtu anayeshika usukani wiki nzima, ukimtia safarini asijue aendako, atafika amechoka na maswali. Tena asiendeshe yeye. Pandeni matatu hadi Kitale kupitia Kakamega na Webuye, kisha Endebess, aangalie dirishani kama abiria wengine.

Nendeni Mlima Elgon. Ndani ya hifadhi, si mbali na lango la Chorlim, Shirika la Wanyamapori, KWS, lina mabanda ya Kapkuro. Ni vijumba vya msituni, mnajipikia wenyewe. Hapo ndipo ninapoyapendea. Hakuna mhudumu wa kuwagongea mlango, na wewe ambaye hujapika chakula cha watu wawili tangu mtoto wa kwanza, utapika sufuria ndogo huku mwenzako akimenya vitunguu. Mazungumzo mnayoyatafuta huja mikono ikiwa kazini. Mkikaa mkitazamana kwenye meza ya hoteli, mtaishia kuzungumzia karo.

Vyakula nunueni Kitale, hata chumvi na kiberiti. Bebeni sweta nzito na soksi, maana baridi ya usiku kule si ya Kisumu kabisa. Kiingilio cha hifadhi na banda hulipiwa kando kando, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo lipeni mapema na mbebe vitambulisho. Januari au Februari ni kukavu. Aprili na Mei matope yatawashinda.

Asubuhi mtaona mbega kwenye miti mikubwa. Ombeni askari wa hifadhi awapeleke pango la Kitum, ambako ndovu huingia usiku kukwangua mwamba kwa pembe wapate chumvi. Limeingia mlimani kama mita 200. Lakini nakusihi, tazameni kutoka mdomoni mwa pango tu. Wageni wawili waliofariki kwa Marburg, homa kali ya virusi, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wamelizuru, na popo ndio hubeba virusi hivyo. Nyinyi mna watoto wanne. Wala msitembee peke yenu, kuna nyati.

Na mama mkwe? Asisikie kwa majirani. Mwendeeni pamoja, ila mwache mumeo aseme. Ni mamake.